Mastaa Waliimba Kaseti Yangu, Nikabaki Bila wa Kuniitikia

Nina miaka hamsini na mmoja. Shule niliachia darasa la nne, lakini muulize mtu yeyote Kitengela ile nyumba ya orofa yenye mabati ya kijani ni ya nani... Ni yangu! Nilianza na kuuza ngozi za mbuzi, nikaishia na hoteli ya nyama choma kando ya barabara ya Namanga. Hakuna mtu alinishika mkono.

Miaka ya tisini, wanamuziki wakubwa wa Nairobi walikuwa wanakula kwangu. Wale mlikuwa mnawasikia kwa redio! Waliniita Chairman. Siku moja nikawaimbia nyimbo zangu, mke wangu Nasieku akiniitikia huku anaosha matumbo.

"Chairman, hii lazima iwe kaseti," mpiga gitaa akasema. "Sisi tuko. Ni urafiki tu."

Nyinyi mngekataa?

Sisi Wamaasai tunaimba hivi: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Anayeanzisha ndiye husifiwa, lakini asipoitikiwa anapiga kelele tu. Nasieku aliniitikia tangu tuoane. Alijua mahali nitaishiwa na pumzi kabla mimi sijajua...

Siku ya studio alivaa shanga zake zote. Nikamwambia abaki, mahali pake ataimba mwanamke mwenye jina.

"Sawa, mzee," akajibu. Akaanza kuvua shanga.

Huko studio kila mtu alikuwa staa! Huyu anaanzisha, yule anaanzisha, gitaa nayo hainyamazi. Nani angekubali kuitikia? Mimi mwenye kaseti nilisikika kama mtu anaita ng'ombe akiwa ng'ambo ya mto.

Tuliizindua Kajiado siku ya mnada. Nilifunga spika juu ya pikapu. Wale mastaa hakuna hata mmoja alifika... Watu walisikiliza wimbo mmoja, wakarudi kwa mbuzi wao. Mzee mmoja akaniuliza, "Ero, kijana, hawa wanagombania nini?" Soko lote likacheka!

Nilirudi nyumbani nikitafuta wa kunipa pole. Nasieku alikuwa ameenda kwa dadake huko Magadi.

Nilimfuata. Katika lile joto, mbele ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya magadi, nilisimama nikaanzisha wimbo wetu. Nikafika mahali pake, nikangoja... Alikuwa mlangoni na ndoo, ananiangalia.

"Wimbo ni mzuri," akasema. "Waambie wenzako waitikie."

Akaingia ndani. Hajarudi mpaka leo.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kama uko na mtu anayekuitikia, hata kama jina lake halijulikani nje ya boma, usimwache nyumbani siku yako kubwa. Wenye majina watakula nyama yako, wapanguse midomo, waende kwa mwingine.

Nyumba yangu iko na vyumba vingi, naamka peke yangu. Asubuhi naimba nikinyoa ndevu. Nikifika mahali pa Nasieku nanyamaza, nangoja kidogo... halafu naendelea.