Wiki Nane za Kitabu cha Mkunga

Kilichotangulia ni harufu, na harufu ile mkunga asingeikosea hata ungemfunga kitambaa machoni. Miaka kumi na tisa amesimama wodi ya wazazi, anajua maji ya uzazi yanavyonuka chupa ikipasuka: utamu fulani hivi, chumvi, na chuma kwa mbali. Sasa yuko maktaba ya chuo, saa nane mchana, jua linapiga dirishani, anafungua kitabu, na pua inamwambia humu ndani kuna mtu chupa imempasuka. Akachungulia chini ya meza. Akajigeuza akaikagua sketi yake nyuma. Pakavu.

Cheka wewe. Yeye hakucheka, maana alikuwa na mimba ya wiki sita, na aliyejua ni mumewe tu. Tatu zilishamtoka, hakuna iliyofika mwezi wa nne. Ana miaka arobaini na moja, na daktari alishamwambia bila kumung'unya, mama, hii ndiyo ya mwisho.

Hospitali ndiyo iliyomrudisha darasani, na somo la kwanza lilikuwa jinsi mtoto anavyoumbika tumboni tangu tone. Sheria ya maktaba: kila mwanafunzi achague kitabu kimoja, akae nacho muhula mzima. Vilikuwa vitatu mezani. Cha kwanza kinene kama tofali, ukijisomea kitandani kikikuangukia usoni unaamka huna meno. Cha pili chembamba, kina rangi nzuri, lakini maandishi yake madogo kama sisimizi wanaohama. Cha tatu kikuukuu, jalada halina jina, kila ukurasa ni wa wiki moja, una fremu ya mchoro na maneno machache makubwa. Michoro ilikuwa minne tu, imechorwa kwa mkono. Fremu zilizobaki tupu.

"Hizi tupu ni za nini?" akamuuliza mtunza vitabu.

"Labda mwanafunzi anachora mwenyewe. Vya zamani vilikuwa hivyo."

"Na mbona cha moto?"

"Kimekaa juani, mama. Unachukua au unakipima homa?"

Akakichukua. Mtu aliyeacha shule siku nyingi, ukimwonyesha picha umemmaliza. Aliona uzi unaning'inia mwanzoni mwa kitabu, akajisemea majani mawili yameng'oka, ndiyo maana michoro minne na mimi nina wiki sita. Akaridhika kabisa.

Jumatatu iliyofuata akakuta mchoro wa tano. Wino mbichi, ukamchafua kidole. Akasema ni wanadarasa hao, watoto wadogo, wanamtania kama bibi yao. Alhamisi akaenda kupiga utrasaundi. Fundi wa kipimo, kijana mpole, akamgeuzia kioo amwone mwanawe: mmoja, moyo unapiga vizuri, amejikunja kama punje ya maharage, na kushoto kwake kivuli kidogo chenye umbo la mkasi. Mkunga akauvuta mkoba kifuani. Kivuli kile alikuwa nacho kwenye mkoba, kwenye mchoro wa tano, upande uleule, mkasi uleule.

Hakwenda nyumbani. Alipitia kwa fundi cherehani mmoja wa mtaani kwao, mama anayeshona sare za shule, na anayejulikana kimyakimya kwamba mambo ya majini anayaweza. Huyo mama hana mbwembwe. Alikiangalia kitabu bila kukishika, pini zimejaa mdomoni.

"Jini subiani," akasema. "Wenzake wanakula mimba. Huyu anajifunza."

"Anajifunza nini, shoga?"

"Kuumbika. Anasoma kwako, anaandika kwenye kitabu. Darasa lake ni wiki nane, mpaka mtoto apate viungo vyote. Akimaliza anaridhika, anakuachia. Siku ya wiki nane kamili, rudisha kitabu ulipokitoa, yeye atabaki humo."

"Nikikirudisha leo?"

Yule mama akatema pini, moja moja, kwenye kiganja. "Utakuwa umemkatiza. Aliyekatizwa hutafuta pa kumalizia. Wiki nane, mdogo wangu. Siyo saba na nusu. Unaweza kuhesabu?"

Mkunga akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Dada, nimelipwa mshahara miaka kumi na tisa kwa kuhesabu wiki."

Jumatatu ya wiki ya nane hakwenda kazini. Mumewe, fundi magari, alishatoka. Mchana kweupe, watoto wa jirani wanagombania mpira nje, mtu anatwanga, redio ya nani sijui inasoma taarifa, na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda akiangalia kabati alikokifungia kitabu. Saa nane ikafika. Harufu ikaja kwanza, ikapita chini ya mlango wa kabati kama maji yaliyomwagika, kisha akasikia kalamu, kalamu ya chuma inayokwaruza karatasi, na kabatini hamna kalamu, na kila kalamu ilipokwaruza huko yeye akakwaruzwa ndani, chini ya kitovu, taratibu, kama mtu anayefuatisha kwa ukucha mstari uliochorwa na mwingine, ukapita mgongo, ukapinda kichwa, ukatulia ukaweka nukta ya jicho, na nukta hiyo ilimuuma mpaka akauma shuka, wala hakuthubutu kusimama, maana alihisi akisimama atakiharibu kinachochorwa na atakayepotea ni mwanawe, kwa hiyo akakaa, miguu imebanana, jasho linamtiririka, akamwacha mgeni achore mpaka atosheke.

Kalamu ikanyamaza. Redio ilikuwa imefika kwenye michezo.

Alifungua kabati, akahesabu michoro: sita, na majani mawili yaliyong'oka, nane. Na kadi yake ya kliniki inasema nane. Akavaa viatu, mguu wa kulia kwenye cha kushoto, akakimbia chuoni.

Mtunza vitabu alikigeuzageuza. "Hiki mbona hakina muhuri wetu?"

"Kipokee, mwanangu. Nimechagua kile chembamba."

"Wiki mbili tu umeshamwacha? Kweli wanawake hamridhiki."

Akakitupa rafuni. Harufu ikakatika papo hapo, kama umefunga bomba. Mkunga alirudi nyumbani akala sahani mbili, akalala fofofo. Wiki mbili nzima alikuwa anaimba wodini mpaka wazazi wakamwomba apumzike kidogo, uchungu unawatosha.

Wiki ya kumi ndipo mwalimu alipofika kwenye mahesabu. Kijana tu, tai imempinda.

"Nyie wa wodini mtanisumbua," akasema. "Kliniki mnahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Jamani, siku hiyo mimba ipo?"

"Haipo," darasa likaitika.

"Haipo kabisa. Sisi huku tunahesabu tangu ilipotungwa. Kwa hiyo ukisikia wiki nane za kuumbika, kliniki ni ngapi?"

"Kumi."

"Na nane zenu ni ngapi zetu?"

Walijibu wote pamoja isipokuwa mmoja. Yeye alikuwa amebaki na vidole sita hewani. Hapakung'oka jani lolote. Michoro minne ilikuwa minne, na sita ilikuwa sita. Kitabu alikirudisha wiki mbili kabla.

Maktaba wakatafuta kitabu mpaka nyuma ya mafaili, hakipo, na orodha haikijui. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho, cherehani imesimama.

"Alipokuwa kitabuni ningemweza," akasema. "Sasa yuko alipo mwanao. Nikisoma cha kumtoa, kitatoka kila kilichomo."

"Nifanye nini, dada?"

"Mimi sina dawa." Na akamshika mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja.

Jioni hiyo mumewe akampeleka kwenye kipimo, akidhani ni mahudhurio ya kawaida, mikono bado ina grisi. Fundi wa kipimo akapitisha mashine, akasimama, akarudi, akafungua faili lake la nyuma.

"Mama, mimi hapa niliandika mmoja."

"Uliandika sawa."

"Wako wawili. Wana urefu mmoja, wamekamilika." Akafuta kioo kwa kiganja. "Samahani, ni kosa langu. Hongereni."

Mumewe alishika kichwa, akacheka, akalia, akampigia mama yake palepale. "Mama, ni wawili. Eh, wawili. Mungu katurudishia." Upande wa pili vigelegele vikajaa chumba. Kisha akashusha simu, macho yamelowa. "Mama anauliza mkubwa ni yupi, amwekee jina la babu."

Mkunga akageuza shingo kwenye kioo. Mmoja amejikunja ubavu, amelala, moyo wake unapepesa. Wa pili amekaa wima amewageukia, na fundi alipohamisha mashine kushoto, naye akageuka kuifuata.

"Mwambie asubiri," mkunga akasema.