Aliyoyasema Adolphine Kwenye Foni

Treni ya mkubwa wa chama ilikuwa ifike asubuhi. Mchana ulipita, haikuonekana, na pale stesheni ya Kindu wasichana wa animasio, kikundi cha kukiimbia na kukichezea chama, walikuwa bado wamesimama juani kwa mstari, vikwembe vyao vya kijani vimelowa jasho mgongoni. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Citoyen Onema, mkuu wa kikundi, alipita mbele yao na abakosti yake nyeusi, ile suti ya watu wa chama, akipiga makofi: "Imbeni! Chama hakichoki!"

Adolphine, msichana wa miaka kumi na saba, aliona reli zinapinda. Halafu hakuona kitu.

Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa juu ya gunia la mchele, na kijana mmoja mpakia mizigo alikuwa akimmwagia maji shingoni.

"Usimwage yote, nina kiu."

"Kumbe uko muzima! Nilianza kufikiri namna ya kukubeba mpaka hospitali, na weye uko muzito."

"Nani muzito? Njo weye huna nguvu."

Kijana akacheka. Shati lake lilikuwa limechanika begani, meno yake meupe, na macho yake hayakutulia, kama ya mtu aliyezoea kufukuzwa. "Mimi Mbaraka. Jina lako nani?"

"La kwenye chama ao la nyumbani?"

"La nyumbani."

"Adolphine. Lakini usiliseme kwa nguvu, majina ya kizungu yamekatazwa."

Mbaraka aliinama, akalitaja sikioni mwake polepole. Adolphine akasahau kwamba alikuwa ameanguka mbele ya watu.

Tangu siku ile, kila alipomaliza kazi, Mbaraka alivuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, mtaa wa ng'ambo alikoishi Adolphine. Adolphine alikuwa na shamba dogo la mihogo karibu na maji, na walikaa hapo akichuma majani ya sombe, Zawadi, mdogo wake, amelala mgongoni mwake. Mbaraka hakumficha kitu. Akiwa na miaka kumi na mitano aliiba vitambaa kwenye behewa, akafungwa mwaka mzima. Alipotoka, baba yake, mtu wa msikitini aliyeheshimiwa sana, alimfungia mlango.

"Sasa unajua yote," alisema. "Na weye? Sema yako."

"Mimi sina ya kusema, sheri wangu."

Alikuwa nayo. Zawadi, ambaye mtaa mzima ulimjua kama kitinda mimba wa mama yake, Mama Scholastique, alikuwa mtoto wake mwenyewe. Mwalimu mmoja alimharibia maisha alipokuwa na miaka kumi na minne, kisha akahamishwa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mama Scholastique alimpeleka binti yake Lubutu kwa ndugu, akakaa naye huko mpaka alipojifungua. Waliporudi, mtoto alikuwa mgongoni kwa mama. Baada ya baba kufariki, siri ile ikabaki kwao wawili.

Lakini Onema alikuwa na shemeji yake Lubutu, na shemeji huyo alikuwa na mdomo mrefu.

Jioni moja, baada ya mazoezi, Onema alifungua mlango wa jipu yake. "Panda."

"Nyumbani wananingoja, citoyen."

"Panda, mama ya Zawadi."

Akapanda. Njiani Onema alisema bila kumtazama: mkubwa wa chama, yule wa treni, amemwona akicheza, amempenda, na siku ya sikukuu ya chama atamngoja kwenye nyumba ya wageni. Akikataa, habari za yule mtoto zitatangazwa mbele ya kikundi chote. Jipu ilipopunguza mwendo sokoni, Adolphine alifungua mlango, akaruka, akakimbia na goti linalotoka damu.

Mbaraka alikuwa karibu na uwanja wa mazoezi. Alimwona akipanda. Hakumwona akiruka.

Kesho yake alikuja Alunguli, lakini hakukaa.

"Nilikuona ndani ya jipu ya Onema."

"Nilishuka, Mbaraka. Angalia goti langu."

"Alikuitia nini?"

Adolphine alimtazama mtoto. Zawadi alikuwa anacheza na udongo karibu na miguu yao.

"Adolphine, mupenzi, niambie tu. Hata kama ni neno baya."

"Siwezi."

"Mimi nilikupa gereza yangu yote! Weye hata neno moja unaninyima?" Akachukua kasia lake. "Basi kaa na wakubwa wako."

Aliondoka kwenda Pangi, kuchimba kasiteriti, mawe ya bati, pamoja na watu wasioulizana walikotoka.

Adolphine aliacha kula. Sikukuu ilikaribia, vikwembe vipya vikagawanywa, na Onema mwenyewe alimpa chake, akikishikilia kidogo kabla ya kukiachia. Usiku ule Adolphine alimtazama mama yake aliyelala na Zawadi kifuani, akafikiria mto, jinsi ungemmeza. Aliufikiria sana. Kulipopambazuka alifunga kikwembe chake cha zamani, akaenda kwenye duka la mnunuzi mmoja wa mawe, ambako Kasimu, rafiki wa Mbaraka, alishika foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali.

"Niitie Mbaraka, Pangi."

"Dada, kwa foni hakuna siri. Wafanyabiashara wanasikia, mapadri wanasikia, hata watu wa chama."

"Najua. Njo maana nimekuja."

Kasimu alimweleza kwamba anayemaliza kusema hutaja neno terminé, wakangoja sana. Mwishowe sauti ilitoka katikati ya mkwaruzo: "Mbaraka hapa. Nani ananiita? Terminé."

Adolphine alishika kile chombo kwa mikono miwili.

"Ni mimi. Usiseme kitu kwanza. Zawadi si mudogo wangu. Ni mutoto wangu, nilimuzaa mimi. Nilikuwa mudogo, na yule mwalimu hakuniuliza kama nataka. Onema alijua, alitaka kuniuza kwa mukubwa wake kwa sababu ya siri hii. Sasa siri imekwisha, kila muntu anasikia. Sikulala na muntu, Mbaraka. Nilikuwa naogopa utanikimbia." Akameza mate. "Kama ungali unanipenda, sema. Terminé."

Mkwaruzo. Kisha sauti yake, mbali: "Adolphine, mimi..." Halafu kimya. Kasimu aligeuza vitufe, akapiga sanduku kwa kiganja, akaita na kuita.

"Betri ya kule imekufa," alisema.

Kabla ya jua kufika utosini, Alunguli nzima ilijua. Adolphine aliporudi, alimkuta Mama Scholastique amekaa chini mlangoni, mikono kichwani. "Umenivua nguo, mwanangu." Lakini jirani alipokuja mbio kusema vijana wa chama wanavuka mto kumtafuta msichana aliyemtukana mkubwa, mama huyo alisimama, akamfunga Zawadi mgongoni kwa binti yake, akamsukuma kwenye njia ya nyuma. "Kwenda! Usigeuke!"

Adolphine alishika barabara ya Pangi. Alitembea akijificha kila aliposikia gari, akila mihogo aliyopewa na wanawake wa mashambani. Hakujua anakwenda kwa nani. Zawadi alipatwa na homa, ikashuka, ikapanda tena.

Katika kijiji kimoja kabla ya Kalima, wanawake walikuwa wanauza ndizi kandokando ya barabara. Aliketi kwao kupumzika. Kijana mmoja alitokea kwenye kilima juu ya baiskeli isiyo na breki, akiburuza miguu ili isimame, matope mpaka usoni. Alimwona, akaiacha baiskeli ianguke.

Adolphine aliinua mkono. "Usinikaribie. Sema kwanza kama unatutaka wawili."

Mbaraka alikuwa anahema. "Nilikuwa na hasira. Hasira kwa yule mwalimu, kwako, kwangu mwenyewe. Kisha nikaomba baiskeli." Akawageukia wauza ndizi. "Wamama, mutusikie. Huyu njo bibi yangu. Huyu mutoto ni wangu. Sina kitu, sina baba wa kutuma posa, lakini nimesema."

Mwanamke mmoja alicheka, mwingine akapiga kigelegele kidogo, cha kuchoka. Mbaraka aligusa paji la uso la Zawadi.

"Iko na homa."

"Tangu jana."

"Kalima kuna muganga wa hospitali. Tuende." Alimfungua mtoto mgongoni kwa Adolphine taratibu, akamlaza begani. "Kindu haturudi tena, Adolphine. Unajua?"

"Najua."

Alianza kulia, kwa ajili ya mama yake aliyebaki peke yake mlangoni. Mbaraka hakumkataza. Aliinua baiskeli kwa mkono mmoja, wakaanza kutembea.