Beseni la Samaki Nje ya Kizingiti

Maiti ya Profesa Mwewa ililala kifudifudi sebuleni, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Nyuma yake palikuwa na ngazi iliyoanguka kando ya kabati refu, na sahani mpya zilizovunjika.

Inspekta Chilufya wa polisi ya Nchelenge alifuata michirizi ya damu sakafuni. Mzee alianguka, kisha akajikokota mita tatu nzima. Mtu aliyefundisha fizikia Lubumbashi zaidi ya miaka thelathini, leo ameuawa na ngazi! Inspekta alisikia uchungu.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nje palikuwa na beseni la samaki, limefunikwa vizuri kwa jani la mgomba. Nyayo za buti za mpira zilikwenda na kurudi mbele ya kizingiti. Hakuna hata unyayo mmoja uliokivuka.

Baada ya uchunguzi wa maiti, daktari alisema, "Aliishi kama saa mbili baada ya kuanguka. Angewahishwa hospitali, angepona."

"Hii alama ya buti ni ya nani?" Inspekta alimuuliza Cadette, binti wa marehemu, aliyemkuta baba yake asubuhi ile.

"Ni ya bwana yangu, Webby. Anavuaka samaki kule Chisenga."

Webby aliletwa kituoni, kofia mkononi.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tisa ya muchana."

"Ulisikia nini?"

Webby aliangalia mlango wa kituo.

"Webby, ulisikia nini?"

"Nilisikia muzee analia."

"Juu ya nini hukuingia?"

"Ba Inspekta, mu nyumba ya tatafyala, baba ya bibi yako, hauingie mupaka bakuingize na karamu. Njo desturi. Miaka sita anakatala kuniingiza. Anasemaka miye muvuvi tu, sina masomo."

Inspekta aliijua desturi hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kula chakula uani kwa wakwe zake mwaka mzima.

"Na jirani? Hata jirani hukuita?"

Webby alikunja kofia.

"Aliniita miye. Alijua kikohozi yangu. Alisema, 'Webby, ingia.'"

"Halafu?"

"Nilikuwa na kasirani. Miaka sita nilingojea ile neno! Nikasema mu moyo, aniite tena. Aliita mara tatu, akanyamaza. Nikaacha samaki, nikarudi ku mutumbwi."

"Hukujua ameumia?"

Webby alianza kulia. "Sauti haikukuwa muzuri. Nilijua, ba Inspekta. Nilijua."

Daftari la marehemu, lililochukuliwa nyumbani kwake, lilikuwa mezani. Tangu afiwe na mkewe, Profesa aliandika humo kila jambo, hata bei ya sabuni. Inspekta alitamani kulificha, lakini lilikuwa ushahidi. Alilifungua ukurasa wa mwisho, akalisukuma mbele ya Webby.

*Jumamosi: kumwingiza Webby nyumbani. Kuteremsha sahani mpya, juu ya kabati. Nilimkosea kijana huyu.*

Webby alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho, alirudi pale palipoandikwa jina lake, akalisoma tena. Inspekta hakumharakisha.