Diski ya Mama Evaristo

Mnisamehe mapema, maana kisa hiki nitakiharibu: rafiki yangu Evaristo hukisimulia akitetemeka, nami nikitetemeka watu huniletea kiti.

Evaristo, mtu wa Santiago, Jamhuri ya Dominika, aliweka kwenye kompyuta ya kuhifadhia mafaili nyumbani sauti ya marehemu mama yake akisali rozari. Nakala nyingine haikuwapo. Siku ya kutimiza mwaka wa msiba, ukoo mzima ukiwa umekuja kuisikia, diski ikaanza kuonyesha hitilafu na kugonga: ta, ta, ta.

"Kaka, kahawa inapoa," dada yake Yocasta akaita kutoka sebuleni. "Au niwaambie mama ameharibika?"

"Koma! Naiokoa sauti yake."

Hapo umeme ukakatika, kama desturi yake. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likamfunika na mashine ikanyamaza. Evaristo akapapasa, akaichomoa diski aikimbize kwa jirani mwenye betri.

Mkononi mwake, bila waya wowote, diski ikagonga. Ikanyamaza, kiasi cha mtu kuitikia Salamu Maria. Ikagonga tena. Ikanyamaza tena.

"Unasali na nani humo?" Yocasta akauliza mlangoni, safari hii bila mzaha.



"Kosa ni langu," Evaristo aliniambia. "Kila jioni aliniita tusali, nami nikamwambia: jirekodi, mama, nitaitikia baadaye. Basi alikuwa akinisubiri."