Sura Iliyokatwa kwa Mkasi

Kila asubuhi MaMpinga alichota maji bombani, akainjika sufuria ya mahindi na maharagwe, kisha akamchungulia mkaza mwana wake. Tangu mumewe, Luyolo, azikwe, Nokhwezi alikuwa haongei. Alifua, alipika, alifagia, mdomo kimya. Na hakulia. Mjane gani huyo asiyelia?

Kisha akaanza kuokota karatasi. Magazeti ya zamani, mifuko ya sukari, hata karatasi za peremende. Aliingia nazo chumbani, akafunga mlango.

"Makoti, takataka hizo za nini?" MaMpinga aliuliza, akimwita kwa jina la mke wa mwana.

"Za kazi tu, Mama."

Kazi gani ya kufungiwa mlango? Kikulacho ki nguoni mwako, MaMpinga alijiambia, akawa hambandui macho.

Siku moja Nokhwezi alipokwenda bombani, mama mkwe alipekua chini ya kitanda. Alikuta beseni la karatasi. Juu yake kulikuwa na kijitabu cha mazishi ya mwanawe, kile walichogawiwa waombolezaji. Kwenye jalada, mahali pa sura ya Luyolo palikuwa na tundu. Sura ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

Nani hukata sura ya marehemu, kama si mchawi? Ndiyo maana halii! Moyo ulimuuma, kisha hasira ikampanda. Alituma ujumbe kwa wazee wa ukoo: Jumamosi waje, mwanamke huyu ni mchawi, arudishwe kwao.

Lakini wazee wangetaka ushahidi. Kwa hiyo Nokhwezi alipotoka na beseni lake, MaMpinga alimfuata nyumanyuma mpaka kwenye ukumbi wa kanisa karibu na zahanati. Ndani, wanawake walikuwa wameizunguka meza, wanachana karatasi.

"Uso wa mwanangu uko wapi?" aliuliza akiwa mlangoni.

Mikono yote ilisimama. Phumla, mhudumu wa afya wa mtaa, alimvutia kiti. "Karibu, MaMpinga. Hapa hakuna uchawi."

"Wachawi wote husema hivyo."

"Basi kaa utukamate vizuri," Phumla alisema, akacheka kidogo. "Msiba mwingine hukaba koo. Mtu anataka kusema, maneno hayatoki. Sisi tunaanza na mikono. Unachagua karatasi iliyokugusa, unaikata au unaichana, unaibandika kwa gundi ya unga. Hakuna picha mbaya. Na hakuna anayelazimishwa kueleza yake."

"Na karatasi inaponya?"

"Peke yake, hapana. Asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, tunampeleka kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Karatasi inafungua mlango tu. Nanyi wa nyumbani msiulize, 'Takataka gani hizi?' Semeni, 'Nieleze picha yako, ukipenda.' Kisha mnyamaze, msikilize."

MaMpinga hakuridhika. Alimgeukia Nokhwezi. "Haya. Nieleze, ukipenda."

Nokhwezi alimsogezea picha. Luyolo alikuwa katikati, anatabasamu, amevaa koti la mfuko wa sukari. Upande mmoja ulikuwa mtupu.

"Hapa umeficha nini?"

"Utoto wake, Mama." Sauti ya Nokhwezi ilikwaruza. "Mimi nilimjua akiwa mtu mzima. Ningekuuliza. Lakini tangu mazishi hulitaji jina lake. Niliogopa kukuumiza."

Kumbe kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake alie. MaMpinga alivuta gazeti, akalinusa kwanza, maana shaka haiishi mara moja. Kisha akachana kipande chenye rangi ya udongo.

"Luyolo alikuwa anakula udongo," alisema. "Nilimchapa, akala tena."

Nokhwezi alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. MaMpinga alimshika mkono, naye machozi yakamtoka.

Jumamosi wazee walifika, nyuso zimekunjamana. Mkubwa wao, shemeji yake MaMpinga, gazeti kwapani, alitazama karatasi zilizotapakaa mezani. "Mchawi mwenyewe yuko wapi?"

"Hakuna mchawi. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, kila mtu chumbani kwake. Sasa tunamlilia pamoja. Makoti wangu haendi popote."

Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni. "Nawe umeanza kuokota karatasi?"

"Nimeanza. Na hilo gazeti lako, shemeji, ukishalisoma niachie."