Mikate Iliyonuka Marashi

Jamani, mwenye gari na asikilize, na anayetafuta gari asikilize zaidi, maana haya yametokea hapa hapa kwetu Ijebu-Ode.

Nyumbani kwa Muyiwa Adesokan siku ilianza kwa harufu ya mkate. Mkewe, Yewande, alirithi tanuri la matofali kutoka kwa mama yake, na kabla jua halijachomoza mikate ilikuwa imeshatoka, laini, inafuka mvuke. Muyiwa aliipakia kwenye gari lao jeupe la mizigo, lenye kutu mlangoni, akawapelekea kina mama wauzaji sokoni. Akirudi, mume na mke walikaa kizingitini wakala akara, bajia za kunde, kwa mkate wa moto, wakacheka habari za majirani. Raha waliyokuwa nayo hawakuijua.

Zilipobaki wiki tano kufika Ojude Oba, siku ya tatu baada ya Idi Kubwa ambapo marika yote yanavaa sare kwenda kumwamkia mfalme, rika la Muyiwa lilikutana kuchagua kitambaa. Muyiwa alifika na gari la mikate, unga mabegani. Gbolahan, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alikuwa ameegemea gari la kifahari linalometameta.

"Mpisheni Muyi!" Gbolahan akapaza sauti. "Katuletea kifungua kinywa! Muyi, na siagi umebeba?"

Rika zima likaangua kicheko. Muyiwa naye alicheka, ila ndani kitu kilimchoma.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula amesimama. Aliliosha gari la mikate mara mbili kwa siku, kisha akalipiga teke kwa sababu halikung'aa. Kutwa alitazama picha za magari kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu.

"Baba Dayo, kuna nini?" Yewande alimuuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nataka gari la heshima."

"Hili lina dharau gani?"

Muyiwa akarudia picha zake kwenye simu. Yewande akamtazama, akaona hatamweza.

"Kama ni lazima, tujipange kwanza. Na ukienda kutazama, nenda na Wasiu alikague. Lakini gari la mikate usiliguse. Ndilo linalotulisha."

"Sawa, Mama Dayo."

Sawa ya mdomoni! Jumanne, baada ya kusambaza mikate, Muyiwa aliaga kwamba anapeleka gari kubadilishwa oili, akashika barabara ya Lagos, akiba yao yote mfukoni. Wasiu, fundi wao wa miaka mingi, hakuambiwa lolote.

Kwenye yadi ya magari alipokewa na mwenyewe, Bwana Akinloye, shati jeupe pe, soda baridi mkononi. Gari jeusi la Kijerumani, lililotumika ng'ambo kabla ya kuletwa, lilikuwa tayari linanguruma. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya marashi.

"Nimekuwashia kabisa usipate joto, mkubwa wangu. Unatoka wapi? Ijebu? Mungu wangu, mama yangu mzazi ni wa huko huko! Sasa mjomba wangu nitamdanganyaje?"

"Ningependa fundi wangu alitazame," Muyiwa alisema kwa sauti ndogo.

"Mlete! Mlete hata kesho. Ila kuna mheshimiwa kutoka Abuja anakuja saa tisa kulichukua, na mimi siwezi kumfukuza mteja." Akaligeukia gari la mikate. "Lile nalipokea. Unaniongezea hiyo akiba yako, unaondoka kama mfalme."

Muyiwa alijifuta jasho. Alikaa, akasimama, akatazama saa, akatazama geti. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani aliona ni la yule mheshimiwa. Akakubali.

Papo hapo akaingia mchungaji na chupa ya mafuta. Na hapa, ndugu zangu, ndipo watu wetu tunapokamatika. Kwetu gari jipya halitembei bila kuombewa, na Akinloye alilijua hilo kuliko mchungaji mwenyewe. Boneti likapakwa mafuta, matairi manne yakapakwa mafuta, mikono ya Muyiwa ikapakwa mafuta.

"Wivu wa maadui ushindwe!"

"Amina!"

Baada ya amina ile, nani angefunua boneti kutafuta kasoro? Ingekuwa kama kumtilia Mungu shaka. Ikaletwa karatasi iliyosema mnunuzi amelikubali gari jinsi alivyolikuta. Muyiwa aliisaini bila kuisoma, kalamu ikiteleza vidoleni.

Nyumbani majirani walimiminika "kuliosha" gari, yaani kunywa na kula nyama kwa gharama ya mwenye nalo. Yewande alisimama mlangoni mwa tanuri.

"Gari la mikate liko wapi?"

Muyiwa akamweleza. Yewande akashika fremu ya mlango.

"Na mikate kesho itabebwa na nini?"

"Na hili hili. Buti lake kubwa kuliko chumba."

Yewande akarudi ndani kukanda unga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Siku ya nne alikuja Iya Risi, kiongozi wa wauza mikate. Hakusalimia. Alimega mkate, akamnyooshea Muyiwa.

"Kula."

Muyiwa akatafuna. Utamu wa marashi ukamjaa mdomoni, na chini yake kitu kingine, harufu ya godoro lililolowa likaachwa kivulini.

"Mbona unatafuna muda mrefu? Meza, Baba Dayo! Wateja wananiuliza nauza mkate au sabuni."

Hapo ndipo Wasiu alipoitwa. Hata boneti hakuligusa kwanza. Aliuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, akamwonyesha: tope kavu. Akainua zulia, kutu.

"Limezama mafuriko hili, bosi. Likakaushwa, likapuliziwa manukato. Ulipofika, injini ilikuwa baridi?"

"Ilikuwa inawaka."

"Wanaiwasha mapema usisikie inavyokohoa." Wasiu alijifuta mikono kwa hasira. "Mimi ni fundi wako miaka kumi na miwili. Ungenipigia simu tu."

Muyiwa akalirudisha gari Lagos. Akinloye, yule mpwa wa Ijebu, safari hii hakuleta soda.

"Ulisaini. Tena uliombewa. Au unataka kusema mchungaji aliomba uongo?"

"Basi nipe gari langu la mikate."

"Liliuzwa siku ile ile. Limeshakwenda kaskazini."

Njiani kurudi gari jeusi lilizima, likainama upande mmoja, likavutwa kwa kamba mpaka uani. Muyiwa alishindwa kumtazama mkewe. Yewande alikodi pikipiki. Mikate ikafika imechelewa na imebondeka. Kina mama wakavumilia wiki moja, kisha mmoja mmoja wakahamia kwa mwokaji wa mtaa wa pili. Siku sita kabla ya sikukuu Yewande aliwaaga wafanyakazi, akazima tanuri la mama yake. Alilia akiwa ameligeukia. Kesho yake akaenda kukanda unga wa mtu mwingine.

Siku ya Ojude Oba, Gbolahan alipita ndani ya joho la rika, anatembea.

"Hujavaa? Twende, wewe, tumechelewa!"

"Nitakuja na nini, Gbola? Gari limekufa."

Gbolahan akashangaa kweli. "Gari la nini? Tangu lini rika likaingia kwa mfalme na gari? Si tunacheza kwa miguu, wote, tajiri na maskini?"

Muyiwa akakaa chini kizingitini. Alilijua hilo tangu anabebwa mabegani na baba yake. Alilijua, na wiki tano zile halikumjia hata mara moja.

"Nilikutania tu, ndugu yangu," Gbolahan akasema polepole. "Wewe hujui utani?"

Ngoma zilikuwa zimeanza. Mji wote ulielekea kwa mfalme, Muyiwa akaelekea mtaa wa pili, mlango wa nyuma wa tanuri la watu. Yewande akatoka, unga mpaka viwikoni.

"Nimekuja kukusaidia kubeba," Muyiwa alisema.

"Hapa wana wabebaji wao," Yewande akamjibu, akarudi ndani.

FUNZO

Msinielewe vibaya, gari zuri si dhambi. Lakini likague kabla ya kuliombea, wala usimwachie muuzaji akuchagulie saa ya maombi. Fika injini ikiwa baridi. Vuta mkanda mpaka mwisho. Soma karatasi. Ukiambiwa yupo mwingine anakuja saa tisa, mwache aje alichukue. Na zaidi ya yote, kilicho cha kulisha nyumba usikitoe ili kunyamazisha kicheko. Waliocheka walishasahau siku ile ile. Yewande anakanda unga wa watu mpaka leo.