Wageni wa Chande

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea Chande alipoitwa bomani kutembeza wageni wengine.

Alikuwa amechoka. Tangu vita iishe kazi yake ilikuwa hiyo moja: kuwapitisha Wadachi penye ukuta wa boma, penye mti wa kunyongea, kisha kaburini, pale wazee wa Kingoni walionyongwa walipofukiwa pamoja. Maneno yale yale kila safari. Yeye mwenyewe Myao, katokea upande wa Tunduru, wala hakumjua hata mmoja wa marehemu wale. Lakini mashamba yalikuwa yamechomwa, njaa imepiga hodi kila nyumba, na ujira wake ulikuwa unga. Mkewe Mwanne alikuwa na mimba kubwa. Bila unga ule angemzika yeye na kilicho tumboni.

Jioni hiyo wageni hawakuridhika. Bwana mmoja mwenye ndevu, aliyejua Kiswahili, alipiga miayo mbele ya kaburi, akauliza kama hakuna kingine cha kuona. Chande akaona unga unamponyoka. Basi akabuni. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama Wangoni wanavyowaamkia wakubwa.

"Shikamooni, wazee," akasema. "Karibuni kwangu, tule pamoja."

Katika njaa ile hakuna aliyekuwa akimwalika mtu chakula. Wageni wakacheka, wakafurahi.

Kisha...

Makofi yakajibu.

Taratibu. Mazito. Kutoka chini.

Bwana akasema ni mwangwi. Chande akakubali, maana hakuwa na nguvu ya kubisha. Akaambiwa afuate unga wake asubuhi. Akashika njia ya nyumbani, wala hakugeuka nyuma.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Udongo mbichi. Ndani, Mwanne alikuwa anaosha chungu, uso umemchangamka kuliko siku nyingi. Akaeleza kwamba wageni wake walitangulia, wazee wenye adabu, shingo wamezifunika kwa nguo. Amewapikia unga wote uliobaki, nao wamekomba chungu.

"Hawakusema kitu?" Chande akanong'ona.

"Wameshukuru. Wamesema kesho zamu yao kutulisha."

Chande aliogopa, aliogopa kweli. Kwao na kwa Wangoni ni mamoja: uliyemlisha akikualika, kukataa ni kumtukana. Hakuthubutu kumwambia mkewe amelisha akina nani. Alimsihi tu asitoke nje mpaka yeye arudi na unga.

Kulipokucha akaenda bomani, akapewa kibaba chake, akarudi mbio.

Nyumba tupu.

Alimkuta kaburini. Mwanne alikuwa amekaa kiheshima, miguu ameikunja upande, udongo umefukuliwa mbele yake. Alikuwa anatafuna polepole. Wajawazito hula udongo, Chande akajiambia. Wengi tu wanakula. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mwanne, twende nyumbani. Unga huu hapa."

Mwanne alimtazama bila haraka, kisha akasogea kidogo, akampisha nafasi.

"Kaa, mume wangu," akasema. "Mtoto ameshashiba. Anasema yeye anabaki."

Chande akalitazama tumbo la mkewe chini ya kaniki. Nguo ilikuwa imelala bapa.

Akakaa.